Mji unapopanuka, ni hekta ipi inayopotea?

Desemba 2015 mji wa Chennai, kusini mwa India, ulifunikwa na maji. Mvua ilinyesha kwa wingi usio wa kawaida, mito ikavunja kingo, uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa, na mamia ya watu wakapoteza maisha katika jimbo la Tamil Nadu. Haikupita hata miaka minne. Juni 2019 mabwawa manne makubwa yanayouhudumia mji huohuo yalikuwa karibu makavu, na mwezi uliofuata maji yakaanza kuletwa kwa treni kutoka Jolarpettai, zaidi ya kilomita 200.

Ukizisoma habari hizo mbili moja moja utadhani ni majanga mawili yasiyohusiana, moja la maji kuzidi na jingine la maji kukosekana. Kwa sehemu kubwa ni janga moja. Ni kweli mvua za 2015 zilipita kiasi, na ni kweli mvua za 2018 zilikuwa haba. Lakini zamani, kati ya mawingu na mabomba ya Chennai palikuwa na mabwawa madogo mengi, mabonde, na ardhioevu ya Pallikaranai upande wa kusini, ambayo kazi yake ilikuwa kuyapokea maji yakiwa mengi na kuyaachia kidogokidogo yakiwa machache. Katika miongo michache sehemu kubwa ya Pallikaranai ilijengwa ofisi, barabara na nyumba, na sehemu nyingine ikawa dampo la taka. Hapo mji ulipoteza kwa mpigo kinga ya mafuriko na akiba ya kiangazi, kwa sababu vyote viwili vilikuwa mahali pamoja.

Mfano huo unabeba jambo ambalo mijadala mingi ya ukuaji wa miji huliruka. Tumezoea kuuliza mji umemeza hekta ngapi za msitu, shamba au kinamasi. Swali hilo ni halali, ila halitoshi, na mara nyingine linapotosha. Miji yote ya dunia ikijumlishwa inakalia sehemu ndogo sana ya nchi kavu, asilimia chache tu. Kama hasara ingepimwa kwa eneo peke yake, tusingekuwa na sababu kubwa ya kuhangaika. Madhara yanatokana na mahali hekta hizo zilipo, na na kile kilichokuwa kikipita juu yake na chini yake.

Tuanze na hizo faida zenyewe. Wataalamu huziita huduma za mifumo ikolojia. Tathmini kubwa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2005, ambayo wanasayansi zaidi ya 1,300 walishiriki kuiandaa, ilizigawa katika makundi manne: vitu tunavyochukua moja kwa moja kama maji, chakula na kuni, kazi za kudhibiti, kama kusafisha maji, kupoza hewa na kupunguza mafuriko, faida za kiutamaduni na kiroho, pamoja na mapumziko, na kazi za msingi zinazoziwezesha hizo nyingine, kama kutengenezwa kwa udongo. Kati ya huduma 24 zilizochunguzwa, 15 zilikutwa zikizorota au zikitumiwa kupita uwezo wake.

Makundi hayo yanafaa kwa mhadhara. Kwa mtu anayetaka kuelewa mji unafanya nini kwa eneo linalouzunguka, naona kuna mgawanyo mwingine wenye msaada zaidi: ni huduma ipi inayoweza kusafiri mbali, na ipi ni lazima ipatikane palepale inapohitajika?

Chakula kinasafiri. Mbao zinasafiri. Hewa ukaa iliyofyonzwa na msitu wa upande wa pili wa dunia inahesabika sawa na iliyofyonzwa na msitu wa jirani, kwa kuwa angahewa ni moja. Maji yanasafiri, lakini kwa gharama na kwa kufuata mteremko. Kivuli hakisafiri. Udongo unaonyonya mvua mahali fulani hauwezi kumsaidia aliye bonde lingine. Nyuki anayechavusha maua hurukia umbali wa kilomita chache tu kutoka kwenye mzinga wake. Mji tajiri unaweza kununua vinavyosafiri na kujisahau kabisa kwamba vile visivyosafiri havinunuliki popote.

Mwaka 1997 mtafiti Carl Folke na wenzake walipima ni eneo kiasi gani linaihudumia miji 29 mikubwa ya bonde la Bahari ya Baltiki kwa chakula, mbao na kufyonza uchafu wake. Walipata kwamba miji hiyo inategemea eneo kubwa kuliko miji yenyewe kwa angalau mara 565 hadi 1,130. Mkazi wa mjini, kwa maana hiyo, anaishi kwa kutegemea ardhi ambayo huenda hataiona maisha yake yote. Hilo si kosa, ndivyo miji ilivyo tangu ianze kuwepo. Tatizo ni kwamba ardhi hiyo inapoharibika, anayeiharibu na anayeumia hawaonani.

Sasa tuyatazame maji kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapojionyesha wazi kuliko mahali pengine.

Chukua hekta moja ya mteremko wenye nyasi na miti. Inyeshe mvua ya milimita 50. Hiyo ni lita 500,000 zilizoanguka kwenye hekta hiyo moja. Kwa wastani unaotumiwa sana na wahandisi wa maji ya mvua, ardhi yenye uoto wa asili huachia takriban asilimia 10 ya mvua itiririke juu yake. Karibu asilimia 50 huzama ardhini, na inayobaki hurudi hewani kwa mvuke na kupitia majani. Ardhi ileile ikishafunikwa kwa robo tatu au zaidi na paa, lami na zege, mtiririko wa juu hufika takriban asilimia 55, na kinachozama hushuka hadi karibu asilimia 15. Kwa hekta yetu ni tofauti kati ya lita 50,000 na lita 275,000. Huo ni wastani, na katika dhoruba kali hata udongo wa msitu hushiba maji ukaanza kuyatema. Hata hivyo mwelekeo haubadiliki.

Wingi peke yake hausemi yote, kwa sababu muda nao hubadilika. Maji yaliyopita kwenye mizizi na majani makavu huufikia mto baada ya saa nyingi, au siku, au miezi kama yamezama hadi kwenye mkondo wa chini ya ardhi. Maji yaliyopita kwenye bati, kisha mfereji wa paa, kisha mtaro wa zege, hufika kwa dakika, na hufika pamoja na ya hekta nyingine zote. Mto ambao zamani ulipokea maji yake kwa zamu sasa unayapokea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtaro mpya unaojengwa sehemu ya juu ya mto kuondoa mafuriko mtaa fulani mara nyingi unayapeleka mtaa wa chini, na wakazi wa chini wanalaumu mvua.

Lita 175,000 ambazo hazikuzama, yaani ile tofauti ya asilimia 50 na asilimia 15, ndizo zilizokuwa zilishe visima na chemchemi wakati wa kiangazi. Mji ukishazikosa huchimba visima virefu zaidi. Jakarta na Mexico City zimefanya hivyo kwa miongo mingi, na matokeo yake ardhi yenyewe inadidimia. Tabaka za mfinyanzi zilizokuwa zimejaa maji zikikamuliwa hujibana, na zikishajibana hazirudi katika unene wake hata maji yakirudi. Sehemu za Mexico City zimeshuka mita kadhaa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kaskazini mwa Jakarta baadhi ya mitaa sasa iko chini ya usawa wa bahari, na hali hiyo ni mojawapo ya sababu zilizotajwa na serikali ya Indonesia mwaka 2019 ilipotangaza kuhamisha makao makuu.

Hasara hizi haziji kwa hatua sawasawa. Watafiti wa vijito vya mijini wameona mara nyingi kwamba sehemu iliyozibwa kwa lami na zege ikishafika takriban asilimia 10 ya bonde zima, kijito huanza kuonyesha dalili za kudhoofika: kingo zinamomonyoka, samaki na wadudu wanaohitaji maji safi wanatoweka. Asilimia 10 ni kidogo sana. Ni bonde ambalo ukilitazama kutoka juu ya kilima bado unaliita la kijani. Hapo ndipo uamuzi mwingi wa ujenzi hufanyika bila wasiwasi, kwa kuwa kila kiwanja kikitazamwa peke yake ni kidogo mno kuleta madhara.

Kuna mfano mwingine ninaotaka kuutazama kwa kirefu kidogo, kwa kuwa unaonyesha kwamba huduma inaweza kufa hata mahali penyewe pakibaki. Kampala, mji mkuu wa Uganda, ina bonde la Nakivubo, ambalo maji machafu ya sehemu kubwa ya mji hupitia kabla ya kuingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ya ndani ya Murchison. Si mbali na hapo, huko Ggaba, mji umekuwa ukichota maji yake ya kunywa. Kati ya uchafu na bomba palikuwa na mafunjo, majani marefu ya kinamasi.

Mafunjo hufanya kazi kwa utaratibu rahisi kueleza. Maji yakiingia kwenye mkeka wa mizizi hupunguza mwendo, na tope lililobebwa linatua. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi na kwenye matope yasiyo na oksijeni hubadilisha naitrojeni ya uchafu kuwa gesi inayorudi hewani. Mmea wenyewe hunyonya fosforasi kadiri unavyokua. Yote hayo yanahitaji kitu kimoja: muda wa maji kukaa pamoja na mizizi. Bonde likichimbwa mfereji wa kuyaharakisha maji, na sehemu ya juu ikilimwa magimbi, maji hukata katikati yakaufikia ziwa bila kugusana vya kutosha na mimea. Ukitazama picha ya angani utaona bado kuna kijani kingi. Kazi imepungua vibaya. Maji ya ghuba hiyo yalizidi kuchafuka, gharama ya kuyasafisha Ggaba ikapanda, na hatimaye mtambo mwingine mkubwa ukajengwa Katosi, mbali upande wa mashariki, ambako ziwa bado lina afya zaidi. Mji ulilipa kwa fedha taslimu kazi ambayo awali ilifanywa na majani.

Joto nalo lina hesabu yake. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, aliligundua London mwanzoni mwa karne ya 19, akachapisha vipimo vyake kuanzia 1818: usiku mji ulikuwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka. Zege na lami huhifadhi joto la mchana, lakini sababu kubwa nyingine ni maji ambayo hayageuki tena kuwa mvuke. Kila lita moja inayotoka kwenye majani kama mvuke hubeba nishati ya takriban kilowati-saa 0.68. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha ukitoa lita 100 kwa siku unaondoa joto linalolingana na uniti 68 hivi za umeme. Mti huo ukikatwa, joto hilo linabaki mtaani. Kiyoyozi hakilimalizi, kinalitoa chumbani na kulimwaga barabarani, kwa yule asiye na kiyoyozi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Thamani ya huduma haiko kwenye mti tu, iko pia kwa anayehudumiwa. Mti mmoja katika mtaa wenye msongamano unawapoza watu wengi kuliko mamia ya miti katikati ya msitu usio na mtu. Kwa hiyo mji unapokua, huduma ya kila kipande cha asili kilichobaki ndani yake inaweza kupanda thamani, kwa kuwa wahitaji wameongezeka, ilhali uwezo wa vipande hivyo kwa jumla unashuka. Ripoti mbili zinaweza kusema kweli zote mbili, moja ikionyesha thamani imepanda na nyingine ikionyesha imeporomoka. Ukikutana na tarakimu ya aina hiyo, uliza kwanza wamepima uwezo au wamepima matumizi.

Wala si kila kiumbe hukimbia mji. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2015 ulikuta aina nyingi zaidi za nyuki mijini kuliko kwenye mashamba, kwa sababu bustani za nyumba zina maua ya namna nyingi kwa muda mrefu wa mwaka, na mashamba makubwa ya zao moja hayana. Nalitaja kwa sababu hoja ya kwamba mji ni adui wa asili inadhoofisha kesi nzuri. Kinachoamua ni namna mji ulivyopangwa, na pia ardhi hiyo ilikuwa nini kabla ya kujengwa.

Kwa kawaida ardhi hiyo ilikuwa nzuri. Miji mingi ilianzia kwenye mabonde yenye rutuba na maji, kwa hiyo inapopanuka inakula udongo bora kwanza. Makadirio yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba upanuzi wa miji kufikia 2030 ungechukua asilimia 1.8 hadi 2.4 ya mashamba ya dunia, sehemu kubwa ikiwa Asia na Afrika. Inaonekana ndogo hadi usome kwamba mashamba hayo yana tija ya mara 1.77 ya wastani wa dunia. Kilimo kinachohamishwa huenda kwenye mteremko au msituni, na huko kinakata huduma nyingine.

Basi mji ukue kwa namna gani, utanuke au ubanane? Wengi hujibu haraka: ubanane, ujenge kwenda juu, uache mashamba na misitu. Kwa jumla nakubaliana nao, lakini jibu hilo lina deni ndani yake. Mtafiti Felix Eigenbrod na wenzake walilipima swali hili kwa Uingereza, wakachapisha 2011. Mji ukitanuka, hasara kubwa huangukia uzalishaji wa chakula na hewa ukaa iliyohifadhiwa ardhini. Mji ukibanana, hizo husalimika, ila kinga ya mafuriko hudhoofika zaidi, kwa sababu bustani na viwanja vya katikati vilivyokuwa vikinyonya mvua vinajengwa, na hapohapo watu wengi zaidi wanaishi karibu na mto. Rudi kwenye mgawanyo wa huduma zinazosafiri na zisizosafiri utaona kwa nini. Kubanana kunalinda zinazosafiri na kunahatarisha zisizosafiri.

Njia inayofaa ni kubanana kwa kuchagua, na uchaguzi wenyewe unataka ramani ya maji kabla ya ramani ya viwanja. Mabonde yanayofurika, kingo za vijito, miteremko mikali na maeneo ambayo mvua huzama hadi kwenye visima yatengwe kwanza, kisha ndiyo ugawanywe ujenzi. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume: viwanja hupimwa kwanza, na vipande vibaya vilivyobaki ndivyo vinaitwa maeneo ya wazi. Bustani iliyowekwa juu ya kilima kikavu kwa kuwa hakuna aliyeitaka haitafanya kazi ya bonde lililojazwa kifusi, hata kama hekta ni zilezile. China ilianza mwaka 2015 majaribio ya miji sifongo katika miji 16, ikirudisha madimbwi, ardhioevu na njia zinazopitisha maji. Mpango huo unasaidia katika mvua za kawaida, lakini katika mvua kubwa kupindukia hakuna mji uliokwisha kujengwa unaoweza kurudisha nafasi yote uliyoiziba.

Kurekebisha baadaye kunawezekana, kwa bei yake. Seoul ilibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, na mwaka 2005 kijito kikafunguliwa. Vipimo vilionyesha joto kando yake likiwa chini kwa takriban nyuzi 3 hadi 6 kuliko barabara za jirani, na watu wanamiminika huko. Ila bonde lake la asili halitoi tena maji ya kutosha, kwa hiyo takriban mita za ujazo 120,000 husukumwa kwa pampu kila siku ili kijito kitiririke. Kivuli, upepo na mahali pa kutembea vimerudi. Chanzo hakikurudi.

Kinachonisumbua zaidi ni mipaka ya utawala. Bonde la mto halijui mwisho wa manispaa. Mji uko chini, chanzo kiko juu, na kila upande una halmashauri yake na wapiga kura wake. New York ndiyo mfano unaotajwa sana, na unastahili kutajwa kwa yale yaliyofanyika nyuma ya pazia. Karibu asilimia 90 ya maji ya mji huo hutoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mengine kutoka umbali wa kilomita 200, na huwafikia watu takriban milioni 9 bila kuchujwa mtamboni. Sheria za usafi wa maji zilipokazwa, mji ulikabiliwa na mtambo wa kuchuja uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 6 hadi 8, mbali na gharama za kuuendesha. Mwaka 1997 ukachagua kusaini makubaliano na jimbo, serikali kuu na miji midogo ya huko juu, ukitumia fedha pungufu kuliko hizo kulinda misitu na mashamba yanayochuja maji yenyewe.

Kila anayesimulia habari hiyo husifu akiba ya fedha. Wakazi wa Catskill waliliona jambo jingine: ili mji wa chini uendelee kukua, wao walitakiwa wasikue. Walikumbuka pia kwamba katika karne ya 20 vijiji vyao vilihamishwa kwa nguvu ya sheria kupisha mabwawa ya mji huohuo. Ndiyo maana mazungumzo yalichukua miaka na makubaliano yakawa na masharti mahususi. Mji ulitakiwa kununua ardhi kwa mwenye kutaka kuuza tu, kwa bei ya soko. Ardhi iliyonunuliwa mji unaendelea kuilipia kodi ya majengo na ardhi kwa halmashauri za huko, ili shule na barabara zao zisikose mapato. Unagharamia ukarabati wa mashimo ya maji taka ya nyumba, na wakulima wanalipiwa ua na vivuko vinavyozuia ng'ombe kuingia kwenye vijito. Hata hivyo mabishano hayajaisha. Halmashauri kadhaa zimelalamika kwamba ununuzi wa ardhi unazibana zikikosa pa kujenga nyumba za watu wao, na masharti yamejadiliwa upya mara kwa mara tangu wakati huo.